Waridi la Keki ya Mama

Lindvik, 5 Septemba 1993

Dada Alfhild,

Habari za Kiruna na baridi yake? Huku sote tu wazima. Evert wangu tangu astaafu anazunguka nyumbani akitengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Juzi ametengeneza kengele ya mlango, na sasa hailii. Mume wako Ragnar mgongo wake unaendeleaje? Mpe salamu.

Naandika kwa sababu Mama alishatuamuru. Tangu siku ile ya Juni tulipogombana kwenye simu mpaka ukakata (wewe ulikata, si mimi), amesema simu kati yetu sisi wawili basi, tuandikiane, maana barua haina pa kukatia. Haya, nimetii.

Alhamisi iliyopita nilifunga saluni mapema nikapita kwa Mama. Nilipofungua mlango nikasikia kicheko. Mama anacheka, Alfhild, kicheko cha tumboni, ambacho sijakisikia tangu Baba afe. Nikachungulia jikoni. Mama kainamisha kichwa kwenye sinki, na Marjatta anamwosha nywele. Marjatta ni yule Mfini anayeletwa na manispaa asubuhi na jioni, nilikuambia habari zake. Zile nywele mimi sijaruhusiwa kuzigusa tangu Mama ahamie huku miaka minne iliyopita. Mimi, niliyetengeneza vichwa vya nusu ya wanawake wa mji huu. Nikimwambia, "Mama, njoo nikuoshe," ananijibu, "Nimelipa kodi maisha yangu yote ili wanangu wabaki wanangu. Sitaki mtoto awe yaya wangu."

Sawa, nilikubali. Lakini Alhamisi nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia yule Marjatta, "Taratibu hapo, mwanangu."

Mwanangu. Nilisimama mlangoni na themosi yangu ya kahawa kama mtu aliyekosea nyumba.

Mimi nina wivu, dada. Naliandika waziwazi ili usije ukajidai umeligundua mwenyewe.

Mdogo wako,
Ingegerd


Kiruna, 19 Septemba 1993

Ingegerd,

Barua imefika salama. Sisi hatujambo. Mgongo wa Ragnar uko vile vile, na mgodi umeshampa pumziko la moja kwa moja, kwa hiyo sasa nami nina wangu wa kuzunguka nyumbani. Umande umeanza kuganda asubuhi. Jikoni shuleni tumepata jiko jipya la mvuke, kubwa, linapuliza kama treni, na watoto wa darasa la kwanza wanaliogopa.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya pili niliisoma kwa raha, sikufichi.

Kwa hiyo umefika mlangoni ukakuta mtu mwingine ana Mama. Pole sana. Mimi niko hapo mlangoni mwaka wa nne sasa. Ni nani aliyekuja huku na gari baada ya mazishi ya Baba, akasema ngazi ni nyingi, akasema giza ni refu, akampakia Mama na viti vyake? Niliulizwa? Niliambiwa. Nilibaki nikipunga mkono barabarani na aproni mwilini.

Halafu unamlalamikia Marjatta. Hebu mwache Marjatta. Huyo ndiye nchi yenyewe. Baba na wenzake wa mgodini walikaa kwenye mikutano ya chama miaka na miaka ili bibi mzee mwenye nyonga mbovu asimwombe mtu yeyote, asimpigie magoti mwanawe wala mkwewe wala tajiri yeyote. Anabonyeza kengele, mtu anakuja. Huo ndio ujamaa, mdogo wangu, hauna jina lingine. Mimi kila siku nampakulia mtoto wa meneja wa mgodi na mtoto wa mfagizi wa ofisi ya huyo meneja. Sahani moja, viazi vile vile, mchuzi ule ule, na hakuna anayetoa hata senti. Yule wa meneja hapendi samaki. Anakula.

Kwa hiyo furahi kwamba Mama anacheka. Si lazima acheke nawe.

Alfhild


Lindvik, 10 Oktoba 1993

Dada Alfhild,

Asante kwa salamu, na asante pia kwa sumu. Evert anasema mgongo usikandwe, uachwe upumzike, ila usimsikilize, hata kengele imemshinda. Mama yuko vizuri. Anauliza kama bado unavaa ile sweta ya kijivu.

Kuhusu huo ujamaa wako. Hivyo viazi vinanunuliwa na nani? Mgodi wenu unachimba mawe na kuyauza kwa Wajerumani kwa bei ya soko. Magari, mbao, vyuma vyetu, vyote vinauzwa huko nje na matajiri ambao majina yao ni yale yale tangu babu yetu akiwa kijana. Hakuna aliyewanyang'anya kiwanda hata kimoja, Baba na mikutano yake yote. Walichofanya ni kukaa nao mezani na kusema: ninyi tengenezeni fedha, sisi tutachukua sehemu yetu. Huo ni ubepari, dada, ila umevishwa sweta. Mimi mwenyewe ni bepari wa watu wawili na viti vinne, na kila mwezi nusu ya jasho langu inaenda kumlipa Marjatta apate kuitwa mwanangu.

Sasa habari yenyewe, na naomba ukae kwanza. Baraza la manispaa yetu limepiga kura. Kuanzia mwaka mpya wazee wote wanachagua wenyewe nani awahudumie nyumbani. Anayetaka abaki na manispaa, anayetaka achague kampuni. Malipo yanatoka kwenye kodi vile vile, mzee halipi zaidi. Nimesajili kampuni. Inaitwa Asubuhi Njema. Niko mimi na wanawake wawili tuliofanya kazi pamoja saluni, tumeshaenda kozi ya kunyanyua wagonjwa na tumefaulu.

Mama akinichagua, nitakuwa naingia kwake asubuhi na funguo zangu, na nitamwosha nywele, na hatakuwa na la kusema, kwa sababu itakuwa kazi na kodi yake ndiyo itakayonilipa. Si ndivyo anavyotaka? Nimempata kwa sheria yake mwenyewe.

Usinijibu kwa hasira. Nijibu baada ya kunywa kahawa.

Ingegerd


Kiruna, 24 Oktoba 1993

Ingegerd,

Hatujambo, theluji imeanguka, kahawa nimekunywa vikombe viwili na hasira ipo pale pale.

Hebu nielewe vizuri. Unataka manispaa ikulipe wewe umwoshe nywele mama yako mzazi. Umefungua kampuni, umepeleka watu wazima kwenye kozi, umechapisha bila shaka na kadi zenye jua linalochomoza, ili ukashike kichwa cha Mama. Nimecheka mpaka Ragnar akaja kuuliza kuna nini. Nilipomwambia hakucheka, alisema maskini. Sijui alimwambia nani.

Na swali moja, bibi bepari. Mfanyabiashara wa kweli akiona mfanyakazi anayependwa na wateja, anamfanyaje? Anamwajiri. Umemwambia Marjatta aje kwenye kampuni yako? Hujamwambia. Kwa sababu si biashara unayoitaka.

Ulikuwa hivyo hivyo kwenye keki. Unaikumbuka keki ya Mama ya siku za kuzaliwa, ile ya kijani, iliyovikwa utando mtamu wa lozi kama shuka, na waridi moja tu la sukari juu yake? Na sheria ya Mama: mkubwa akate, mdogo achague. Hakuna kulalamika, maana aliyekata alikuwa na kisu na aliyechagua alikuwa na macho. Basi miaka yote hiyo mimi nilishika kisu. Jasho linanitoka, napima kwa uzi wa kushonea, nikijua nikikosea unywele mmoja wewe utakichukua kile kikubwa. Hiyo ndiyo nchi yetu ukitaka kujua, mtu mmoja anapima kwa haki na mwingine anachagua kwa uroho. Na sasa Mama anaambiwa achague. Umeshaanza kulamba midomo.

Mwache Mama na manispaa. Afadhali mgeni kuliko wewe.

Alfhild

Hayo ya mwisho ningeyafuta lakini nimeandika kwa wino.


Lindvik, 14 Novemba 1993

Alfhild,

Salamu nimezisahau kwa makusudi. Mama mzima.

Kwa haki? Wewe? Nikukumbushe. Keki ilikuwa moja na waridi moja, na waridi halina nusu. Ulichokuwa ukifanya ni kukata kipande kimoja kikubwa kisicho na kitu, na kimoja kidogo chenye waridi, kisha unageuza sahani taratibu, waridi linanitazama mimi, kile kikubwa kinakutazama wewe. Nami mtoto wa miaka mitano nitachagua nini? Nilichagua waridi kila mwaka, na kila mwaka wewe ulikula keki zaidi na bado ukanuna. Huo ndio ubepari, dada, hata dukani ndivyo wanavyofanya, na uliujua kabla mimi sijajua kusoma.

Mwaka ule ulipokata waridi lenyewe katikati kwa hasira, ndio mwaka pekee ulioleta ujamaa. Nakumbuka matokeo. Kila mmoja alipata makombo ya sukari ya pinki na tukalia wote wawili.

Na kuhusu "afadhali mgeni". Nimeisoma. Naiweka.

Ingegerd


Kiruna, 12 Desemba 1993

Ingegerd,

Salamu za majira haya. Ragnar ametundika nyota ya karatasi dirishani na haikuanguka. Watoto wa shule wanajifunza kutembea na mishumaa bila kuunguzana nywele. Jua limetuaga jana, huku kaskazini halichomozi tena mpaka mwakani. Nimemtumia Mama soksi za sufu na mkate mkavu, na wewe nimekutumia jemu ya beri za mlimani, mtungi wenye kifuniko chekundu. Ule wa bluu ni wa Mama, usichanganye.

Heri ya Krismasi na Evert.

Alfhild


Lindvik, 9 Januari 1994

Alfhild,

Heri ya mwaka mpya. Jemu ni nzuri. Mtungi wa bluu ni mkubwa kuliko mwekundu, nimeona.

Mama amechagua. Amechagua manispaa.

Nilikuwepo. Yule afisa kijana aliketi sebuleni na koti lake, akamsomea majina ya kampuni, alipofika Asubuhi Njema nikasogea mbele kwenye kiti kama mtoto darasani anayejua jibu. Mama akasema, "Niacheni na Marjatta." Basi. Kisha akaniomba nimmiminie kijana kahawa. Nikamimina. Nilijaza mpaka kwenye kisosi.

Wazee wengine tisa wametuchagua, watu baki kabisa. Kila asubuhi naosha nywele za mama za watu. Wananipenda. Bibi mmoja, Tekla, juzi kanishika shavu akaniita mwanangu, nikaingia kwenye gari nikalia mpaka vioo vikafunikwa na mvuke.

Sasa nataka unijibu jambo moja tu. Kijana alipoondoka nilimuuliza Mama kwa nini, akasema: "Baba yenu asingependa." Mama hajawahi kusema hivyo maishani. Baba alikuwa hapendi mambo mengi na Mama aliyafanya yote. Hayo ni maneno yako, Alfhild. Ulimpigia simu?

Ingegerd


Kiruna, 23 Januari 1994

Mdogo wangu,

Barua yako imefika, nayo imekuta baridi kali sana, hata mafuta ya gari yamegoma. Sisi wazima. Jua limerudi mwezi huu, na shule ilipofunguliwa sote tulitoka nje kulitazama na siku hiyo tuliwapa watoto chapati za maziwa zenye jemu. Mtoto wa meneja alikula nane. Jiko la mvuke limeharibika na fundi anatoka mbali, Luleå, kwa hiyo tunapika kwa masufuria ya zamani, na nakuambia mchuzi umekuwa mtamu zaidi. Wenzangu wanasema tusimwite fundi.

Umesema wazee tisa. Hongera. Lakini fikiria: fedha inatoka kwa wananchi wote, na faida inabaki mfukoni mwako. Huo ni ujamaa au ubepari? Mimi nimelitafakari nikiwa nakoroga mchuzi na bado sijapata jina lake. Ragnar anasema ni kama kufuga kuku kwenye bustani ya jirani.

Msalimie Mama. Mwambie sweta ya kijivu bado naivaa.

Alfhild


Lindvik, 30 Januari 1994

Nilikuuliza swali moja, ukanijibu habari za mchuzi.

I.


Lindvik, 13 Machi 1994

Dada Alfhild,

Wiki sita kimya. Sikutaka kukuandikia tena na nilimwambia Evert hivyo, naye akasema sawa, akaenda kutengeneza bomba. Lakini jana ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Mama na yametokea mambo ambayo siwezi kukaa nayo. Hapo ulipo vuta kiti.

Kwanza nilimuuliza mwenyewe. Ilikuwa Februari, Alhamisi, nimechoka, nimetoka kunyanyua watu tangu alfajiri. Nikasema, "Mama, Alfhild alikupigia?" Akasema, "Alinipigia, ndiyo. Alinisihi nisikuchague. Alisema mengi juu ya Baba na chama. Kisha akalia, nikamwambia nenda kalale."

Hukuniambia kwamba ulilia.

Nilijiandaa kukukasirikia, nilikuwa nimeshaipanga barua kichwani, yenye maneno ambayo usingeyasahau. Lakini Mama akaendelea. Akasema, "Wala si kwa ajili yake. Tangu lini nikamsikiliza Alfhild?" Akaniuliza, "Kwenye kampuni yako, kuosha nywele ni dakika ngapi?" Nikamwambia ishirini. Ndivyo manispaa inavyolipa. Akasema, "Marjatta naye ana ishirini. Anaosha vizuri, namcheka, ananisimulia habari za mumewe, lakini nikiwa nimeinama pale sinki namwona anageuza mkono anatazama saa. Ni haki yake. Kuna mzee mwingine anamngoja. Wewe ukija hapa na themosi yako hutazami saa. Unakaa mpaka nakuchoka. Sasa unataka kwenda kuivaa saa ili iwe nini?"

Nikafungua themosi nikammiminia kahawa.

Halafu akasema, "Na mwanangu namwita hata yule kijana wa posta, kwa sababu majina siyakumbuki. Yako nalikumbuka."

Tangu siku hiyo kuna utaratibu mpya, na hakuna aliyeutangaza. Alhamisi Marjatta anamwosha nywele, anamfunga taulo, anaondoka. Mimi nikifika Mama amekaa na taulo kichwani na rola za kukunjia nywele zimepangwa mezani, zile za zamani, za rangi ya waridi. Mara ya kwanza nilidhani Marjatta kasahau. Mama akasema, "Rola si kazi ya manispaa." Nikamfunga rola. Nilichukua saa nzima na nusu. Nywele zake zimekuwa nyepesi sana, Alfhild, ukizifunga unaona ngozi ya kichwa, ni ya pinki kama ya mtoto. Nakuandikia haya na najua yatakuchoma. Sehemu yangu moja inataka yakuchome.

Sasa ya jana. Nimenunua keki, ya kijani, ile ile. Tulikuwa watu wanne: Mama, mimi, Evert, na Marjatta aliyekuja siku yake ya mapumziko, amevaa gauni, sikumtambua. Kumbe ni mcheshi. Evert na yeye wakaanza lile lile, nchi yetu ni ya kijamaa au ya kibepari, Evert anasema hivi, Marjatta anasema vile, nami nikaingilia, tukapaza sauti, mpaka Mama akagonga kikombe. Akasema, "Mkilimaliza hilo mnijulishe. Sasa keki."

Nikampa kisu. Hakukipokea. Akasema, "Leo atakata Ingegerd."

Nikamwambia, "Mama, mimi ni mdogo, mdogo hakati."

Akasema, "Utakata wewe. Kata mbili tu. Alfhild atachagua."

Evert akasema kwa upole, "Mama, Alfhild yuko Kiruna." Akamjibu, "Najua alipo. Mimi ndiye ninayehesabu umbali huo kila siku."

Nikakata. Jamani, Alfhild, sikujua kwamba ni kazi ngumu hivi. Nilisimama na kisu mbele ya watu na jasho linanitoka mgongoni. Ukipeleka kisu huku unaona umemdhulumu, ukikirudisha unaona umejidhulumu. Na hilo waridi liko pale katikati, halina pa kukaa. Niliwaza, ulikuwa na miaka tisa. Ulikuwa unasimama hivi na miaka tisa, na mimi nakutolea macho upande wa pili wa meza.

Nimekata. Sikuambii waridi nimeliweka upande gani.

Hakuna aliyeonja. Mama amekataa. Ameniamuru nifunike vipande vyote viwili, na sasa viko kwenye friza yake juu ya njegere, sahani moja. Marjatta na Evert walipewa biskuti. Kila anayefungua friza anaulizwa, "Umegusa?" Na asubuhi Marjatta ananiambia Mama ameuliza mara mbili kama treni ya usiku kutoka kaskazini bado ipo.

Njoo. Sijui niseme vipi vingine. Nina wivu kwamba ni wewe anayekungoja. Mimi niko hapa kila Alhamisi, na hakuna anayeniwekea kitu kwenye friza.

Mdogo wako,
Ingegerd


Kiruna, 17 Machi 1994

Mdogo wangu,

Hatujambo.

Barua yako niliisomea jikoni shuleni, na nikalazimika kuingia stoo ya viazi nikafunga mlango. Wenzangu walidhani nimeugua. Nimewaacha wadhani hivyo.

Nilimpigia simu, ndiyo. Haikuwa kwa ajili ya Baba wala chama. Uliponiandikia kwamba utaingia kwake kila asubuhi na funguo zako, nililiona hilo tundu la ufunguo, nikajiona na mimi niko huku nje. Niliona heri asiwe wa mtu kuliko awe wako kabisa. Nimeliandika, na hili nalo ni kwa wino.

Na hizo rola nizionee wivu nifanyeje? Nilisoma mpaka kwenye ngozi ya pinki, nikaiweka barua chini. Sijaiona ngozi ya kichwa cha Mama tangu nilipokuwa namsuka mwenyewe, kabla wewe hujaanza kukumbuka mambo. Hilo hulijui, na halikuhusu.

Lakini nieleze tena, maana nimelisoma sasa hivi na sijaamini. Alisema hivyo? Mbele ya watu? Kwamba Alfhild atachagua? Nina miaka hamsini na minane na hakuna aliyewahi kunisogezea sahani akaniambia chukua unachotaka. Kila kitu nimepima, nimekata, nimepakulia, nikala kilichobaki. Nilidhani ndivyo nilivyozaliwa.

Nimeomba ruhusa, wenzangu watapika bila mimi. Treni inaondoka kesho jioni, nitafika Jumamosi asubuhi. Ragnar anabaki na mgongo wake. Usije kunipokea na gari, nitapanda basi, nataka kuingia kwa miguu yangu.

Alhamisi ijayo nitakuwa bado nipo. Marjatta apumzike, nywele nitaosha mimi, rola utafunga wewe.

Na sahani isigeuzwe.

Alfhild